Stima Kwenye Maji ya Samaki

Mume wangu alikuwa fundi wa stima, na kama ilivyo kwa mafundi, swichi za nyumbani kwake zilikuwa zinaning'inia. Bosi wake alipohamishwa kutoka Voi alimwachia tangi la kioo lenye fremu ya chuma, na ndani yake samaki wadogo wa rangi ya machungwa. Mtu mwenye akili zake angewakaanga. Wangu aliwaweka sebuleni, kando ya zulia letu jipya la nailoni, akawafungia pampu ya kuwapa hewa. Tangu siku hiyo mgeni alipelekwa kwanza kwa samaki, chai ikafuata baadaye.

Wakati huo kifungua mimba wetu alikuwa ameanza kutambaa, na mama mkwe hajawahi kumshika. Ukame ulikuwa umemfunga huko mlimani Sagalla, yeye na mbuzi wake. Mwishowe akateremka na kikapu cha pojo, na jogoo kwapani.

"Nimekuja kushika mjukuu," alisema hata kabla ya kuketi. "Hiyo mengine yote itangoja."

Lakini mimi nilikuwa mkaza mwana mwenye majivuno. Sikutaka majirani waseme mama mkwe wangu anatembea miguu mitupu. Nilikuwa nimemshonea gauni la nailoni lenye maua makubwa, na malapa ya mpira nimemnunulia. Nikamwogesha, nikamvisha, akatoka chumbani amependeza, akiburuta miguu kwa sababu malapa hakuyazoea. Alivuka zulia, akalikuta tangi.

"Maji yote hii ni ya samaki?" akauliza. "Kwetu tunaamka na jogoo kufuata ndoo moja, hapa samaki inaogelea?"

Akanyoosha mkono kugusa fremu. *Ta!* Akaruka nyuma na lapa moja likamtoka.

"Imeniuma!"

"Nini, mama?"

"Samaki yenu!"

Samaki walikuwa katikati ya tangi, hawana habari na mtu. Nilicheka kichinichini, naye akaniona, na hilo halikunisaidia. Akavaa lapa lake, akapita juu ya zulia kwenda kwa mtoto, akamgusa shavu. *Ta!* Mtoto akapiga kelele hadi nikamwaga uji. Jioni bibi akajaribu tena, ikawa yale yale. Kesho yake mtoto akimwona tu bibi yake anaficha uso kwenye leso yangu.

Hapo kicheko kilinikauka. Mama mkwe alikaa kwenye kochi, mikono ameiweka chini ya mapaja, anamtazama mjukuu kwa mbali.

"Stima ya samaki imeniingia mkononi," akaniambia taratibu. "Huyu mtoto hatanitaka tena."

Mume wangu akasema yeye hulala na kuamka na stima, hawezi kushindwa na samaki. Akachukua testa yake ya kupimia stima, akaichovya majini. Taa haikuwaka. Akachomoa pampu ukutani, akamwita mama yake aguse. *Ta!* Basi akaamua kosa ni la maji. Maji ya bomba ya Voi yana chumvi, alisema, na chumvi ndiyo inayobeba stima. Dawa ni maji safi kabisa. Akaenda gereji akarudi na madumu ya maji ya betri, yale yaliyochujwa kila kitu, akayajaza tangini badala ya yale ya bomba.

Mama mkwe aliposikia jina la maji hayo alisimama wima. "Yaani mmemwagia samaki betri, halafu mnaniuliza stima inatoka wapi?"

"Mama, hayo ndiyo safi kushinda yote. Hayana kitu ndani."

"Kama haina kitu, betri inakunywa ya nini?"

Hata samaki nao hawakuyapenda maji yasiyo na kitu. Walianza kuelea upandeupande, ikabidi fundi wangu awachanganyie na ya bomba haraka. Mama yake alipogusa tena, *ta!* ilikuwa ile ile. Kwa hasira fundi akavuta waya kutoka kwenye fremu mpaka bomba la uani, ili stima ipotelee ardhini. Siku hiyo mama mkwe alipoigusa fremu, stima ilimpiga kuliko siku zote. Alisema aliona nyota, na sioni kwa nini adanganye.

Asubuhi nikamkuta amejifunga leso zake kuukuu. Gauni langu amelikunja vizuri, malapa ameyapanga juu yake, kikapu kiko mkononi.

"Mama toto, nguo yenu hii hapa. Narudi kwangu. Sikuja kuumiza mtoto."

Nilianza kulia, nasema kweli. Mume wangu alikuwa chini ya meza ya samaki na koleo, anakaza waya wake. Mtoto akatambaa kutoka chumbani, asijue nani anaondoka, akafika miguuni pa bibi yake na kushika kidole gumba cha mguu. Mama mkwe akainua mikono juu, asimguse. Tukangoja kilio. Mtoto akacheka.

Bibi akateremsha kidole kimoja polepole mpaka kikafika shavuni. Kimya.

"Si nilisema!" sauti ikatoka chini ya meza. "Ni ule waya!"

Mama mkwe aliangalia miguu yake mitupu, akaangalia malapa, akaniangalia mimi. Nilitamani zulia linimeze. Akajitupia lile gauni la nailoni juu ya leso, akavaa malapa, akapita juu ya zulia akiyaburuta makusudi, akainama na kumgusa mwanawe sikioni. *Ta!* Fundi wa stima akaruka na kugonga kichwa chini ya meza yake mwenyewe.

"Ni waya?" mama yake akamwuliza. Alicheka mpaka akaketi chini, naye mtoto akampanda mapajani.

Hakuondoka. Malapa niliyatupa jalalani, gauni nikalikata nikashonea mito. Mume wangu mpaka leo anawaeleza watu habari za waya, nami namwacha, maana ndoa ina mambo yake.

Lakini kitu ninachokikumbuka zaidi ni jioni ya siku hiyo. Nilimkuta mama mkwe peke yake sebuleni, mjukuu amelala mgongoni kwake ndani ya leso, amemshika sikio. Mkononi alikuwa na kikombe cha maji ya kunywa niliyomtekea mwenyewe. Mwanamke huyu nimemwona akinawa uso kwa maji ya kujaa kiganja, kisha akimwagia mche yale yaliyobaki. Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, akayamimina ndani ya tangi taratibu, lisianguke tone.

"Kunyweni," akawaambia samaki. "Niliwasingizia."