Maji Hayapokei Isale

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, huku kwetu Kilema, mteremkoni mwa Kilimanjaro, nilipotoka nje na mswaki mdomoni nikakuta maji yanashuka katikati ya migomba yangu. Hayakuwa ya mvua. Yalikuwa maji ya mfongo, ule mfereji uliochimbwa na babu zetu kutoka msituni, unaopita kihamba kwa kihamba, yaani mashamba yetu ya ukoo, mpaka chini. Ukingo ulikuwa umebomoka mahali pamoja tu, na mahali penyewe palikuwa pangu.

Sababu niliijua kabla sijatema povu.

Tulizaliwa wanaume watano. Baba alipogawa kihamba, kila mmoja alipata kipande chembamba kama mkanda, toka barabarani mpaka mfongoni. Changu nilikipima kwa miguu: hatua kumi na nane kwa upana. Nilikuwa nimeoa karibuni na mke wangu ana mimba. Wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Mimi nikaona yangu fupi, nikairefusha. Pale ukingoni ilisimama miti mitatu mikubwa ya mringaringa ambayo, kwa mila yetu, haikuwa ya mtu yeyote. Ilikuwa ya mfongo. Nikaikata. Mbao zikawa milango, na penye kivuli nikapanda maharage. Mwaka wa kwanza nilivuna nikajiona mjanja. Mwaka wa pili mizizi ikaoza, ukingo ukabaki udongo mtupu.

Mchuma janga hula na wa kwao. Wa mwisho kwenye mfongo ule alikuwa Mama Ndeshi, mjane mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa, tegemeo lake lote. Mimi nilikuwa na matope tu; yeye alikuwa na mfereji mkavu na ng'ombe aliyekuwa akilia zizini.

Wanaume waliitwa msaragambo, kazi yetu ya pamoja, kuja kujenga ukingo. Walinitania kutwa nzima.

"Jamani, msimchoshe fundi mbao!"

"Mwambieni alete mlango wake tuzibie hapa!"

Asiyecheka alikuwa mzee msimamizi wa mfongo, ambaye sote tulimwita Meku, yaani mzee kwa Kichagga chetu. Aliniambia kwamba ukingo usio na mizizi haujengwi kwa siku moja, kisha akaendelea kupanga mawe.

Basi nikatafuta njia ya mkato. Unajua mila yetu ya isale: ukimkosea mtu, unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Anayeletewa hakatai kusamehe. Nikachuma langu, nikashuka kwa Mama Ndeshi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea nini, maharage?"

Nikainama, nikamkabidhi jani kwa mikono miwili. Aliligeuzageuza, akalichomeka kwenye mlango wa zizi.

"Nimekusamehe. Isale halikataliwi, na mimi si mtu wa kuvunja mila. Sasa chuma jingine upeleke mfongoni, uone kama maji yatalipokea."

Akanipa ndoo.

"Ng'ombe wangu anakunywa nne kwa siku. Korongoni unakujua."

Nilichota maji yale korongoni wiki tano, mwanangu, asubuhi na jioni, mpaka mfongo ukarudi. Jioni moja Meku alinikuta nimekaa njiani napumua. Akakaa pembeni yangu.

"Babu yako alikuwa peke yake kwenye kihamba kile," akasema. "Baba yako akagawana na kaka zake wawili. Ninyi mko watano. Mfongo ni uleule. Najua hukukata kwa ubaya, ulikata kwa kubanwa. Lakini aliyebanwa akijinyoosha, lazima atamgonga mwenzake."

Nilimsikia, ila sikumwelewa. Ningemwelewa nisingezaa saba. Siku hizo tulisema kila mtoto huja na riziki yake, na kweli, sijawahi kujuta kumpata hata mmoja wao. Lakini hakuna aliyekuja na kipande cha mlima mkononi.

Desemba iliyopita walirudi nyumbani wote, kutoka Moshi, Holili na Dar, kama ilivyo desturi yetu. Baada ya ibada mkubwa wao akasimama kwa niaba ya wenzake, akasema baba awagawie kihamba. Hatua kumi na nane kwa watu saba! Nikawatazama mmoja mmoja, nikasema hapana. Kihamba kitabaki kimoja, atakilima anayeishi hapa, na wengine watakula ndizi zake wakija. Ukingo wa mfongo haupandwi kitu ila miti.

Kitinda mimba akanijia juu. "Sasa baba, sisi tutazikwa wapi?"

"Nafasi ya kuzikwa ipo," nikamwambia. "Ya kulima ndiyo haipo."

Wawili bado wamenuna. Mmoja hajanipigia simu tangu siku ile, nami naumia, maana nimemzaa mimi. Hata hivyo sitabadili neno.

Nawe, mwanangu, ambaye bado hujajenga wala hujazaa, nisikilize. Kaa na mwenzako mpange idadi ya watoto kabla hawajaja, mkiangalia ardhi na maji mliyonayo, msiangalie majirani watasema nini. Wape ujuzi utakaowalisha mbali na kihamba, kwa sababu shamba hugawanyika lakini haliongezeki. Na kabla hujakata mti, teremka kwa miguu mpaka nyumba ya mwisho, umwulize mwenyewe anakunywa nini.

Mungu akupe nyumba ndogo yenye furaha kubwa. Akujalie watoto utakaowaweza, na majirani wa chini watakaokubariki kila wanapofungulia maji.