Kifaa cha pumu kilisikia watu wawili chumbani kwangu, na mimi nalala peke yangu

Wakuu, salaam. Wajukuu mliomo humu, marahaba, najua shikamoo mngeileta. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Olmotonyi, chumvi sijaongeza.

Nina pumu ya miaka mingi. Mwaka huu watu wa utafiti walipita kanisani wakitafuta wazee wenye kifua. Wakanipa kifaa kidogo cheupe cha kuweka karibu na kitanda.

Kazi yake ni kusikiliza unavyopumua ukiwa umelala, kisha kinawatumia sauti kwa mtandao, ili wajue kifua kinataka kubana kabla mwenyewe hujajua.

Aliyekuwa ananifuatilia ni nesi Anitha, mtoto wa Daraja Mbili kule mjini, mcheshi kweli. Asubuhi moja akapiga simu.

"Bibi, mbona hukuniambia una mchumba?"

"Mchumba wa nini, na meno yenyewe sina?"

Akacheka, halafu akapoa. "Siriasi bibi, chumbani mko wawili. Na huyo mwenzako kifua chake ni kibaya kuliko chako."

Wakuu, mimi nalala peke yangu tangu mume wangu, baba Meshaki, afariki.

Nikashuka mjini ofisini kwao. Anitha akanivalisha hedifoni. Kwanza nikasikia mtu anakoroma, nikajijua. Halafu nyuma yake, mbali kidogo, pumzi nyingine. Inavutwa kwa shida, na mwishoni inapiga mluzi mwembamba.

Mluzi ule nimelala nao ndoa yangu yote. Ndio ulioondoka na mume wangu.

"Ni nani, bibi? Nipe jina tumtibu."

Mimi majina siyasahau. Wote niliobatizwa nao nawajua kwa majina, hata ng'ombe wa baba yangu. Lakini sisi Waarusha aliyekufa hatumwiti jina lake. Nikavua hedifoni, nikamrudishia. Anitha akadhani namficha mtu, akanuna.

Nikarudi nyumbani, nikabeba maziwa, nikayamimina kaburini kwa mume wangu pale migombani, ili atulie. Ndiyo, ni Mlutheri na niko kwaya ya akina mama. Mtanisema baadaye.

Kila Anitha akipiga, habari ni ileile: bado mko wawili, na mwenzako anazidi kubanwa.

Nami namimina maziwa.

Sasa mchana mmoja nimekaa uani nachambua maharage. Jua linawaka, Mlima Meru wote uko wazi. Nikausikia ule mluzi.

Si kwenye hedifoni. Nyuma ya jiko.

Nilitaka kuingia ndani nijifungie, Mungu ananiona. Lakini ukakatika ghafla, na kule kukatika ndiko kulikoninyanyua. Wa baba Meshaki ulikatika hivyohivyo.

Nikamkuta Naanyu, mke wa mwanangu Meshaki, amepiga magoti ameshika nguzo, midomo imekuwa rangi ya majivu.

Chumba chake na changu vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu.

Nikamtia pampu yangu ya pumu mdomoni. "Vuta!"

Alipopata kasauti: "Yeyo, mama yangu, usimwambie Meshaki."

"Nyamaza, vuta."

Akalazwa. Kumbe ana pumu tangu utotoni. Kwao Kwa Mrombo, mchumba wa kwanza alimwacha kwa ajili hiyo, basi kwetu akaificha. Akibanwa usiku, Meshaki yuko kwenye kazi yake ya ulinzi, anauma kanga ili mama mkwe nisisikie.

Kweli masikio yangu hayakusikia. Kifaa kikasikia, nami nikamfanya marehemu. Angekufa kweli, huku mimi namimina maziwa.

Sasa ana pampu yake, na Meshaki anajua. Wala hakumfukuza.

Juzi Anitha akapiga. "Bibi, mkwe wako anapumua vizuri, ukutani kumetulia. Ila kuna kitu kifaa kimesikia chumbani kwako, sikielewi, zile siku alizokuwa amelazwa hospitali..."

Nikamkatiza. "Mwanangu, usiniambie."

Hakuniambia. Kifaa bado kiko pale, taa yake ya kijani inapepesa.

Nilichojifunza: ukisikia pumzi usiyoijua nyumbani kwako, anza na walio hai. Wapitie mmoja mmoja, uwaulize kwa majina yao. Waliolala wanaweza kungoja. Na akina mama wakwe, jamani, wake za wanenu wasiugue kwa kuwaogopa ninyi.

Haya, semeni, nawasoma. Na mwenye moyo mgumu aniambie: ningemwacha Anitha amalize?