Usingizi wa Rubani wa Akiba

Kapteni alikuwa kitandani, mapazia yamefungwa, na usingizi umempaa. Jamani, mtu mzima na mvi zake, anajigeuzageuza kama mtoto aliyeahidiwa kutembezwa! Kesho alikuwa anatimiza umri ambao sheria inamshusha rubani chini, apende asipende. Leo ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kazini, na ratiba, ambayo haina haya hata kidogo, ilikuwa imemweka akiba.

Rubani wa akiba hana ndege. Anakaa kwake na simu yake. Mwenzake akiugua, ndipo anaitwa. Kabla ya zamu hiyo hupewa saa za kupumzika, na katika saa hizo ofisi hairuhusiwi hata kumpigia. Zake zilianza jana jioni, zinakwisha leo adhuhuri. Kazi yake ilikuwa moja tu, alale.

Wapi! Kila akifumba macho aliona mawingu yametanda chini yake, meupe, hayana mwisho, na jua likichungulia kwa mbali. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikiwaaga abiria. Aliitunga hotuba hiyo, akaifuta, akaitunga tena, mpaka mwanga ukapenya pembeni mwa pazia. Akaamka, akalipiga pasi shati ambalo mkewe alikwisha kulipiga.

"Mzee, hebu lala," mkewe alimwambia kutoka mlangoni. "Ukiitwa utaenda na macho hayo?"

"Nimelala kidogo, mama."

"Umelala wapi? Si tulikuwa kitanda kimoja? Shuka lote umeninyang'anya."

Alicheka, akaketi dirishani. Nyumba ilikuwa kimya, jua limejaa sakafuni, naye akawa kama anaelea. Aliitaka safari moja tu ya kuagia. Hata fupi, hata ya kwenda na kurudi.

Adhuhuri ilipoingia tu, simu ikalia. Alikuwa binti wa ofisi ya ratiba, aliyezoea kumwita babu.

"Babu, usije ukasema sikupendi! Kuna rubani kaugua. Safari ya kwenda na kurudi, inaondoka jioni, inatua kabla ya saa sita usiku. Ukisema ndiyo, ni yako." Kisha akauliza lile ambalo sheria inamlazimisha kuliuliza. "Umepumzika?"

Kapteni alimtazama mkewe. Mkewe alitazama sakafu. Ndiyo ni neno jepesi, na hapakuwa na wa kumbishia. Lakini kope zilikuwa nzito kama magunia, na kiti alichokalia alikihisi kinayumba, ilhali yuko nyumbani kwake.

"Sijalala, mjukuu wangu," alisema. "Nimekesha nikingoja mnipigie."

 Binti akasema, kwa sauti iliyoanza kukatika, kwamba itabidi ampigie anayefuata.

Hapo ndipo Kapteni alipolia, waziwazi, bila kujificha, na mkewe akamshika mabega mpaka kilio kikaisha chenyewe. Akajilaza, na kabla mkewe hajamfunika akaanza kukoroma.

Jioni ndege ilipita juu ya paa. Mkewe alitoka uani, akaipungia mkono mpaka ikapotea, kisha akarudi ndani akinyata asije akamwamsha.