Sonara Amekata Jina la Mke Wangu

Leo sonara amekata jina la mke wangu, kisha akanishangaa ninalalamikia nini.

Pete yangu ya ndoa ilikuwa inanipwaya, nusura niipoteze shambani. Nikaipeleka kwa sonara wa Bondeni aipunguze. Kupunguza pete, ndugu zangu, ni kukata kipande na kuunga upya.

Kwa ndani iliandikwa ATUPELE.
Leo nimeikuta ATUPE.

"Mzee wangu, mbona linasomeka? Mungu atupe baraka," sonara akanijibu.

Nikamwelewesha taratibu. Kwa Kinyakyusa, Atupele ni kwamba Mungu ametupatia tayari. Ile "le" ndiyo inayosema tumeshapata. Ukiiondoa, tunabaki tunaomba.

Mke wangu, niliyekuja naye, akauliza, "Kwa hiyo, baba Neema, unaomba upewe mwingine?"

Sonara akanionesha kibao chake: mali ikitoka dukani hairudi.

Nikamwambia kibao hicho ni cha mali anayouza yeye. Pete ni yangu, nilimkabidhi aitengeneze. Akiiharibu, kuirekebisha ni juu yake, bila malipo.

Akafikiri, akakubali kuchonga jina zima upya kwa herufi ndogo.

"Ndaga," nikamshukuru, nikageuka kuchukua pete.

Mke wangu alikuwa ameshaivaa. "Mpaka jina langu lirudi, nakaa nayo mimi."

Sasa haitoki. Tumepaka sabuni, tumepaka mafuta ya mawese, imegoma.

Sonara anasema dawa ni kuikata.

Ninyi mngemruhusu?