Bibi Aliyekuwa Ndani ya Maua ya Ukuta

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa mvi bado zinanitafuta. Kuna Jumamosi moja haijanitoka moyoni. Nilikuwa binti wa kupaka hina pale Temeke, chini ya shangazi yangu Mwanahawa, aliyewapamba maharusi wa mtaa mzima. Macho yake yalishaanza kuingia ukungu, na aliyetegemewa kushika kazi ile ni mie.

Nami siku hiyo nilikuwa nimeamua kumwambia naacha. Mchumba wangu alinicheka: "Kazi gani hiyo? Wiki mbili imefutika! Mapambo tu." Neno likanichoma kama mwiba wa mchongoma.

Kabla sijapata pa kuanzia, bibi harusi mmoja tuliyempamba, mfanyakazi wa jumba dogo la makumbusho mjini, akatualika tukaone picha zilizoletwa kutoka ng'ambo. Chumba kimoja tu. Shangazi akavua viatu mlangoni, kama anaingia nyumba ya watu. Nami nikavua.

Subhanallah! Nilitarajia wafalme na vita. Nikakuta vyumba vya watu wa kawaida: meza, mama anashona, kuta zimejaa maua, rangi zimelala bapa kama kanga iliyotandazwa kitandani. Mwenyeji wetu akasema wachoraji wale hawakuona haya kuitwa watu wa mapambo. Walipamba hata milango.

Mbele ya picha moja ndogo ya mama anayeshona nikasema, "Huyu kakosea. Gauni la maua, ukuta wa maua, mtu kamezwa."

"Umetazama au umepita?" Shangazi akaketi sakafuni. "Kaa. Nyumba njema si mlango."

Mlinzi akaja mbio. "Shikamoo mama. Hapa hatukai chini."

"Marahaba baba. Na huyu anayeshona kakaa tangu asubuhi, mbona hujamwinua?"

Mlinzi akacheka mpaka kofia ikamwinamia, akatuletea benchi.

Tukaketi, tukatazama. Kisha, wallahi, kwenye ule ukuta wa pichani pakatoka mtu! Bibi kizee, katikati ya maua yale, kashika ncha ya pili ya uzi, anamtazama mshonaji kwa huruma nisiyoweza kuisimulia. Alikuwepo muda wote.

"Shangazi, kuna bibi mle!"

"Yuko wapi? Mie macho haya... hebu nionyeshe."

Nikamchorea hewani kwa kidole, ua kwa ua, bega, kilemba, mkono. Akafuata kidole changu taratibu.

"Haa! Nimemwona," akasema, na machozi yakamtoka.

Neno la kuacha likanifia mdomoni. Mpaka leo sijalisema. Mchumba? Alienda zake, salama, Mungu akaleta anayejua kungoja hina ikauke.

Basi shika haya, mwanangu. Kazi ya kupendezesha usiidharau kwa kuwa haidumu; hata pilau haidumu, na sijaona aliyesusa kula. Cha mwenzio usikihukumu ukiwa umesimama mguu upande, kaa nacho kwanza, mwenda pole hajikwai. Na ukijaliwa kuona kilichofichika, usijivune. Mshike mkono asiyeona vizuri, umwonyeshe.

Mungu akupe macho yenye subira, na mikono yako isikose mtu wa kumfurahisha. Amina.