Kambare Ndani ya Begi la Kompyuta

Niseme mapema ili mnicheke mara moja tuendelee: mimi ndiye yule kijana wa mtaa wa Waberi aliyekosa mke kwa sababu ya samaki.

Soko letu la samaki hapa Garissa (kama meza tatu na nzi wake ni soko) watu wetu hulipita wameziba pua, kwani mtu wa ngamia, eti, hali kiumbe kisicho na miguu. Mimi nilimuonja samaki chuoni, nikanogewa, na tangu hapo nilikuwa nanunua kwa kunyatia kama mwizi wa kuku.

Siku hiyo Mama Hadhara, Mpokomo mwenye meza ya kwanza, alinichagulia kambare mnene akaniuliza, "Leo nikufungie kwa mfuko wa watu au wa aibu?" Hapo digrii yangu ikaanza kufikiri: mfuko utanuka, watu watasema, maneno yatamfikia mchumba wangu Hibo, na baba yake alikuwa njiani kutoka Eldas kuja kuamua kama namfaa binti yake. Nikamtumbukiza kambare ndani ya begi la kompyuta. Akili nyingi!

Sijafika hata barabarani, simu ikalia: mzee ameshafika, yuko hoteli ya jirani, anataka kuniona sasa hivi. Nikipitia nyumbani nitachelewa, ataniona sina adabu. Nikaenda na begi.

Mzee na ndugu yake walikuwa wanakula maini ya ngamia. Nikaketi, begi mapajani, na joto letu mnalijua. Mzee akanusa. "Waryaa, we kijana, ni nini kimekufa hapa?"

"Ni kompyuta, adeer. Betri imeungua." (Betri! Na nimesoma, jamani.)

"Itatulipukia! Itoe nje!" Ndugu yake akalivuta begi, zipu ikaachia, kambare akateleza na masharubu yake hadi kwenye sahani ya maini.

"Wallahi, kompyuta ina ndevu!" mtu akapiga kelele, hoteli nzima ikaangua kicheko.

Mzee peke yake hakucheka. Alinawa mikono taratibu. "Samaki ni tumbo lako," akasema. "Lakini umenidanganya hata kabla sijakupa binti. Nikishakupa?"

Jioni Hibo akaniandikia: "Baba amekataa. Ungeniambia tu, mjinga wewe, hata mimi huwala."

Siku hizi nabeba samaki mchana kweupe, mkia nje, na mwenye pua nyepesi aizibe. Kuwaza sana sijaacha, kuficha nimeacha. Ila Hibo ameshaolewa Wajir.