Noti ya Elfu Iliyonuka Moshi

Noti ya elfu moja ilipotoka miaka ya tisini, Kitengela iliiogopa. Ilikuwa kubwa kupita biashara zetu. Ukimpa mwenye kibanda, anakuuliza kama umekuja kununua chumvi au kumfungia duka. Mama yangu, Mkamba mwenye duka la nafaka, ndiye aliyethubutu kuiweka kwenye droo yake, nami nilipenda kuitoa nitazame wale ndovu wa mgongoni.

Mteja mmoja tu aliitaka kwa hamu. Alikuwa jirani yetu Mmaasai, muuza maziwa, ambaye sote tulimwita Yeyo, yaani mama, kama watoto wake walivyomwita. Binti yake alikuwa rafiki yangu na tulikuwa tumeitwa pamoja kidato cha kwanza, lakini baba yake alikuwa ameshaanza kupokea wageni wa posa. Basi Yeyo akawa anakusanya pesa za maziwa kimyakimya kwa ajili ya karo, na zikishafura anazileta kwa Mama zigeuzwe karatasi moja nyembamba. Alizificha ndani ya kibuyu kikuukuu kilichoning'inia ukutani. Nilimwona mwerevu kuliko benki.

Ila kibuyu cha maziwa kwa Wamaasai hakioshwi kwa maji tu. Husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto, maziwa yapate harufu tamu. Siku moja maziwa yalizidi vibuyu, na mke mwenzake, kwa wema wake tu, akakitungua kile kikuukuu, akatia kijinga.

Noti zilitoka zimeungua. Yeyo hakupiga kelele, maana mzee angesikia. Alikuja kwa Mama, wakaenda benki Kajiado, nami nikawafuata. Karani alizinusa, akazipima, akazibadilisha zote isipokuwa moja ambayo moto ulikuwa umeila zaidi ya nusu. Karo ikapungua elfu nzima, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

Kesho yake mke mwenza alifika dukani na elfu mkononi. Alikuwa ameuza mbuzi wake, yule aliyepewa siku ya harusi yake.

"Mama, mpatie hii," alisema. "Na asiniambie asante. Mtoto ni wetu."

Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu mama yule pale kwenye kaunta. Rafiki yangu alienda shule, na miaka ya elfu mbili alikuwa akifundisha hapo hapo Kajiado.

Baadaye sana, serikali ilipotangaza kwamba noti za zamani za elfu zinafutwa, alikwenda nyumbani kukusanya za mama yake akazibadilishe. Nilimsindikiza. Ndani ya kibuyu alikuta kile kipande kilichoungua.

"Yeyo, hii si ilikataliwa kitambo? Nitupe?"

Yeyo alimpokonya.

"Wacha hiyo! Hiyo si pesa. Hiyo ni mbuzi ya mwenzangu."